Macho ya Mama Mkwe kwenye Kamera Mpya

Jumanne, 2 Novemba 1999

Kamera ya Hemal imefika na mimi nimeshaichukia. Hemal ni mtoto wa bosi wangu, mzee Ramesh, mwenye duka na studio hapa Katoro. Miezi yote hii alikuwa Dar es Salaam akidai anajifunza biashara, na leo karudi na kamera isiyotumia filamu, kompyuta, na mashine ya kuchapa picha za rangi. Ukipiga, picha inaonekana hapo hapo kwenye kioo kidogo mgongoni mwa kamera. Mzee Ramesh alipiga picha ya kiatu chake mwenyewe, akaitazama, akacheka mpaka miwani ikateleza. Kitabu cha maelekezo kimeandikwa Kijapani. Hemal anasema kitabu ni cha wasiojua.

Nimepiga picha katika studio hii tangu Adam wangu hajaanza kutembea, na sasa yuko darasa la tano. Kamera yangu ya filamu ina flashi kubwa inayokaa pembeni kwenye mkono wa chuma, na mwanga wake naujua kama ninavyoujua moto wa jiko langu. Hii mpya ina kiflashi kama punje ya hindi, kimebanana na lenzi. Nilimuuliza Hemal flashi ya nje inafungwa wapi. Akasema hayo ni mambo ya zamani.

Alhamisi, 4 Novemba

Vumbi. Mvua hakuna. Jenereta imezimika tena wateja wakiwa wamekaa.

Jumapili, 7 Novemba

Divali kwa kina Ramesh. Niliitwa nikawapige picha nyumbani. Bhumika, dada yake Hemal, alivaa sari ya kijani, akashika taa ya udongo mkononi, na wakazima taa za umeme ili picha ipendeze. Picha ilipotokea, Bhumika alikuwa na macho mekundu kama makaa. Nyumba nzima ilicheka. Mama yao, Bhagwati, alisema binti yake amegeuka paka na hatapata mchumba.

Hemal akatueleza. Gizani mboni ya jicho inafunguka sana. Flashi ikiwa karibu na lenzi, mwanga unaingia mpaka ndani ya jicho na kurudi moja kwa moja kwenye kamera, umebeba wekundu wa damu iliyomo. Flashi ikikaa mbali kidogo, pembeni, wekundu hauonekani. Nikasema basi tuiweke mbali, si ndicho nilichosema tangu Jumanne. Akasema ni jambo dogo, dada Apolonia, usijali.

Mimi sikucheka. Kwao macho mekundu ni mzaha wa sikukuu. Vijijini kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu anaitwa mchawi, na wakishamwita hivyo hawamuulizi maswali mengi. Amepikia kinyesi cha ng'ombe miaka yote kwa sababu kuni zimekwisha, moshi umemchoma macho, halafu moshi huohuo ndio unaomshitaki. Wapo waliokatwa mapanga kwa hilo tu. Naandika nikiwa na hasira na sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano, 10 Novemba

Wachimbaji wameshuka kutoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, wakiwa na mashati mapya. Kila mmoja anataka picha papo hapo, ameshika redio. Mchana, nje, kamera inapiga vizuri, siwezi kuisingizia.

Jumapili, 14 Novemba

Nimetoka kijijini kwa wakwe. Mume wangu, Maganga, yuko kwenye machimbo upande wa Segese, na alituma salamu kwamba anataka picha ya mama yake. Hemal akanilazimisha niende na kamera mpya ili watu wa huko waione.

Mama mkwe wangu anaitwa Mageni. Tangu nimeolewa hajawahi kunisifia kitu. Ugali wangu ni uji, natwanga kama mgeni, na kazi yangu ya kupiga watu picha si kazi, ni uvivu uliosimama wima. Nilipiga magoti nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama mtu anayetoa kitu ambacho bado alikuwa anakihitaji. Hakutaka kutoka nje. Jua linamuumiza macho, anakaa ndani karibu na mafiga siku nzima. Nikampiga humohumo ndani, na giza lote lile, yeye na wajukuu na Jilala.

Jilala ni shemeji yangu, mtoto wa baba mkubwa wa Maganga, na boma lake limepakana na la mama. Wakati nabonyeza, alikuwa amegeuka kumkemea mtoto. Macho yake hayakuonekana. Watoto wengine walikuwa wamesinzia. Aliyeikazia lenzi macho ni mama mkwe peke yake, kwa sababu nilimwambia atazame hapa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu akanitii.

Kwenye kioo alionekana na macho mekundu. Nikafunika kioo kwa kiganja, nikasema picha imeharibika. Njiani nilijaribu kuifuta. Kila kitufe nilichobonyeza kilinijibu kwa Kijapani. Nimejiambia kesho nitamwambia Hemal aifute.

Jumatatu, 15 Novemba

Hemal hakuja kazini. Homa.

Jumanne, 16 Novemba

Nilikwenda Geita kununua betri. Niliporudi, Hemal alikuwa mzima na amefurahi. Jilala alipita sokoni kuuza ngozi, akaingia studio kuuliza picha za familia. Hemal akamchapia zote, kubwa, za rangi, akampa bure kabisa awaonyeshe watu wa kijijini. Akasimama pale akingoja nimsifu.

Nilimpigia kelele mpaka mzee Ramesh akatoka dukani. Hemal akaanza kunieleza upya habari ya mboni na mwanga, kana kwamba ni mimi nisiyeelewa. Nikamwambia maelezo hayo angempa Jilala, si mimi. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kuwa kuna kitu hakukijua.

Jumamosi, 20 Novemba

Joto. Mawingu yamepita juu yetu bila kusimama.

Jumatatu, 22 Novemba

Mariana anayeuza nyanya mbele ya studio kwao ni jirani na kwa wakwe zangu. Amenivuta pembeni. Ndama wa Jilala wanakufa. Amekwenda kwa nfumu, na mganga huyo akamwambia adui yuko karibu, atamjua kwa macho. Jilala akarudi nyumbani akaitoa picha. Sasa inazunguka mashineni, kisimani, kilabuni. Watu wanamsalimia mama mkwe kwa mbali, na wengine hawamsalimii kabisa. Na mvua isiponyesha, Mariana akasema, wataongeza na hiyo.

Jumanne, 23 Novemba

Nimekwenda. Nilianza kwa Jilala. Nilimweleza yote, flashi, lenzi, mboni, mpaka sari ya Bhumika. Alinisikiliza kwa adabu, hakunikatiza. Nikaahidi kumpiga mama upya kwa kamera yangu ya filamu, picha zikasafishwe Mwanza, aone mwenyewe. Akatikisa kichwa.

"Shemeji, hiyo ya zamani ilikuwa haioni," akasema. "Hii mpya ndiyo inayoona."

Niliondoka pale. Huyu ni mtu ambaye arusi yake niliipiga mimi, na watoto wake wote nimewapiga wakiwa wachanga. Si mjinga, na ndiyo maana naogopa. Ndama wanne walionona wamemfia zizini na lazima amlaumu mtu.

Nikamwomba mama mkwe aje akae nami Katoro mpaka upepo upite. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Nikihama, nimekubali," akasema. "Maharage haya ni ya Adam, usiyasahau."

Jumatano, 24 Novemba

Nimelala vibaya. Nimeelewa kinachotakiwa. Picha ya filamu haitasaidia. Ni lazima kamera ileile iliyomtoa macho mekundu imtoe macho safi, mbele ya watu. Yaani ni lazima flashi ya nje ifanye kazi na kamera hii ya Hemal, ambayo haina mahali pa kuifunga.

Ijumaa, 26 Novemba

Stoo tuna flashi kubwa ya zamani yenye kijicho ubavuni. Haihitaji waya. Ikiona flashi nyingine inawaka, nayo inawaka papo hapo. Nimeisimamisha pembeni juu ya kigoda, mbali na kamera. Kiflashi cha kamera kikaita, flashi kubwa ikaitikia, chumba chote kikawa cheupe. Nilipiga makofi peke yangu. Nikatazama kioo: macho ya Mariana, aliyekubali kukaa, bado mekundu. Bila shaka. Kile kidogo kimeendelea kumchoma usoni palepale karibu na lenzi.

Jumamosi, 27 Novemba

Nimekifunika kiflashi kwa kidole. Flashi kubwa haikukiona, haikuwaka. Picha nyeusi.

Nimekifunika kwa karatasi nyeupe. Macho mekundu kidogo. Kidogo hainisaidii.

Jumatatu, 29 Novemba

Hemal amegundua kitu cha kuondoa macho mekundu na kukiwasha kwa furaha nyingi. Kamera sasa inakonyeza. Kiflashi kinawaka kwanza mara kadhaa, vijimwanga vidogo, ili mboni ijifunge, kisha baada ya kitambo ndipo flashi yenyewe inapiga picha.

Mtu wa Dar angeelewa. Wateja wetu nimewafundisha mimi kwa miaka: kaa wima, usipumue, mwanga ukiwaka umeshapigwa. Basi mwanga wa kwanza ukiwaka tu, wanapumua, wanashusha mabega, wanainuka. Leo nimepiga mgongo wa katekista, kofia ya mchimbaji ikiwa imebaki peke yake hewani, na bibi harusi akimuuliza shoga yake chakula kiko wapi. Nikiwaambia wasubiri mwanga wa pili, wanatumbua macho wakingoja, kisha wanapepesa hasa wakati wenyewe. Waliofumba macho wanazikataa picha zao. Mmoja kasema nimempiga kama maiti aliyevalishwa.

Na flashi kubwa? Inajibu ukonyezo. Inamaliza nguvu zake zote kwenye ule mwanga wa bure, na picha inapopigwa kweli, yenyewe bado inavuta pumzi. Giza.

Nikamwambia Hemal azime hicho kitu. Hakumbuki alikiwashaje.

Jumanne, 30 Novemba

Bado inakonyeza.

Jumatano, 1 Desemba

Bado inakonyeza. Hemal amebonyeza vitufe mpaka kamera imegoma kuwaka. Imewaka jioni, inakonyeza.

Ijumaa, 3 Desemba

Mlango wa mama mkwe umekatwakatwa kwa mapanga usiku. Hawakuingia. Kulipokucha aliokota vipande vya mbao akapikia uji.

Mariana ndiye aliyeniletea habari. Nilifunga studio bila kumuaga mzee Ramesh, nikapanda lori la mkaa. Nilimkuta mama amekaa palepale pa siku zote, mlango umebaki kama ubavu wa ng'ombe aliyekonda. Nilitaka kumkumbatia, lakini hatuna desturi hiyo mimi na yeye. Nikachukua jembe nikaanza kulima bustani yake ya nyuma, ardhi kavu kama sahani, ili niwe na cha kufanya kwa mikono. Akatoka mpaka kizingitini, amejikinga jua kwa kiganja, akasema ninalima kama mtu anayefukuza kuku.

Nililia palepale shambani. Nimechoka naye, nimechoka na ukaidi wake, na sitaki afe.

Jumamosi, 4 Desemba

Maganga amefika kutoka Segese, matope ya duara bado masikioni. Alitaka kwenda kumpiga Jilala. Nikamwambia ampige halafu arudi machimboni amwache nani na mama. Akakaa chini. Sijawahi kumwona mume wangu akiogopa, hata alipofukiwa shimoni.

Amekwenda kwa mzee Ngassa, mtemi wa sungusungu wa kijiji, kiongozi wa ulinzi wao. Mzee Ngassa si mtu mbaya. Ameitisha mkutano Jumapili ijayo, tarehe 12, kwenye ghala la pamba, pande zote zije zisikilizwe. Mpaka siku hiyo vijana wake watalala nje ya boma la mama. Baada ya siku hiyo, alisema, yeye hawezi kuahidi.

Jumatatu, 6 Desemba

Hemal ameniuliza mkutano ni lini, nikamjibu vibaya. Mchana akapotea. Nilidhani amekwenda kunywa soda.

Jumanne, 7 Desemba

Hakwenda kunywa soda. Alikwenda Geita kumpigia simu rafiki yake wa Dar mwenye kamera kama hii, akasimama kwenye kibanda cha simu jioni nzima akichora vitufe mkononi kwa kalamu. Leo ameuzima ukonyezo. Mkono wake wote umejaa mishale. Bhagwati anamfokea kwamba wino hautatoka kabla ya arusi ya binamu yake. Nilimchemshia chai, na tangu aje na kamera ile hii ndiyo mara ya kwanza.

Jumatano, 8 Desemba

Ninaandika kwa furaha, na furaha yangu siiamini.

Nilikuwa nasafisha meza ya kukatia filamu. Mwisho wa kila filamu kuna kipande kilichoungua kwa mwanga, kikisafishwa kinatoka cheusi kabisa. Ukilitazama jua kupitia hicho, linaonekana kama kovu tu. Nikajiuliza: kidole kinazuia kila kitu, karatasi inapitisha kupita kiasi, hiki je? Nikakata kipande, Hemal akakibandika kwa selotepu juu ya kile kiflashi. Nikambonyezea mzee Ramesh aliyekuwa anapita na kikombe.

Kiflashi kiliwaka ndani ya weusi, hafifu, hata mzee Ramesh hakukiona. Lakini kijicho cha flashi kubwa kilikiona. Chumba kikawa cheupe kutoka pembeni. Macho ya mzee Ramesh yako safi, na kila mvi ya nyusi zake inahesabika. Akasema anaonekana mzee. Hemal akanishika mikono tukazunguka kama watoto wa shule.

Alhamisi, 9 Desemba

Tumejaribu kutwa nzima, dukani, stoo, chini ya kaunta. Macho safi kila mara. Betri ninazilaza na kitambaa kama mayai.

Ijumaa, 10 Desemba

Hemal anataka kuja mkutanoni. Nikamwambia watu watamlaumu. Akasema ndiyo, ndiyo maana anakuja.

Jumapili, 12 Desemba

Nitaandika yote kabla sijasahau mpangilio wake.

Ghala la pamba ni tupu msimu huu, halina madirisha, mlango mmoja tu. Ukiingia kutoka juani huoni hata mkono wako. Watu walijaa, wanawake upande wa kushoto, wanaume kulia, vijana wa sungusungu mlangoni. Mzee Ngassa alikaa kwenye gunia mbele. Mama mkwe aliketi chini kwenye ngozi, peke yake, na pembeni yake nafasi ilikuwa kubwa kuliko ilivyopaswa kuwa. Nikaenda nikakaa hapo. Maganga akaja kukaa upande wa pili.

Jilala alisimama akaeleza ndama wake bila kupiga kelele. Akatoa picha, ikapita mikononi. Wengi walikuwa wameshaiona, lakini kila mmoja aliishika kama inamuunguza. Hemal akaomba ruhusa, akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeichapa na hakueleza. Akaeleza mwanga na mboni kwa Kiswahili chake cha dukani. Walimsikiliza kama wanavyomsikiliza mtu anayewauzia kitu.

Ndipo zamu yangu. Nikasimamisha flashi kubwa pembeni, nikahakikisha kipande cheusi kimebana, nikamwomba mama atazame hapa. Nikabonyeza. Ghala lote likawa jeupe, watoto wakapiga ukelele. Nikatazama kioo, na pale alikuwepo mama mkwe wangu, macho meusi, yenye unyevu, yamechoka. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Nikampa mzee Ngassa kamera, naye akaipitisha, na nikaanza kusikia watu wakiachia pumzi.

Jilala aliitazama muda mrefu kuliko wote. Kisha akasema, wala si kwa hasira:

"Mmekuja na taa ya kumuosha."

Mnong'ono ulipita ghala zima, na ulikuwa wa kukubali. Nilisikia mtu nyuma akisema ile ndogo ndiyo ya kweli, hii kubwa imetengenezwa mjini. Mwezi mzima wa kazi yangu ulikufa kwa sentensi moja. Nilimtazama Hemal, naye alikuwa anatazama mishale iliyofifia mkononi mwake.

Mama mkwe ndiye aliyezungumza. Alisema kwa Kisukuma, polepole, ili kila mtu asikie, nami naandika kama nilivyomwelewa.

"Mama Adam, ondoa hiyo taa kubwa. Nipige na ile ndogo, kama mwanzo."

Nikakataa. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia, mama, wataona yaleyale. Akasema anajua.

"Halafu umpige Jilala. Halafu umpige kila aliyekaa humu."

Mzee Ngassa akaniambia nifanye kama mama alivyosema. Nikabandua kile kipande cheusi, kucha zangu zikashindwa mara mbili. Flashi kubwa nikaigeuza uso ukutani na kuizima. Nikampiga mama. Macho mekundu. Kamera ikapita mikononi, na nafasi iliyotuzunguka ikaongezeka.

Kisha Jilala. Angeweza kukataa, lakini anayekataa mbele ya watu wote wale ameogopa kitu. Akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, wima, kama nilivyomfundisha siku ya arusi yake. Nilimwambia aikazie lenzi macho. Nilikuwa nimeshaona dukani kwamba macho hayatoki mekundu kila mara, inategemea giza na mtu, na pale ghalani sikuwa na hakika na chochote. Nikabonyeza. Alikuwa amefumba. Watu wakaguna. Nikamwambia afumbue, asubiri, atazame ndani kabisa ya lenzi kama anatafuta kitu kilichodondokea humo.

Nikabonyeza tena. Sikuangalia kioo. Nilimpa mzee Ngassa kamera moja kwa moja, kwa sababu kama ingekuwa si hivyo sikutaka kuwa wa kwanza kujua.

Mzee Ngassa aliangalia, akainua macho akamtazama Jilala usoni, akaangalia tena. Akamgeuzia kioo. Jilala alijiona. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mama, yanawaka kabisa. Akajigusa kope, kisha akavitazama vidole vyake.

"Mpige binti yangu," akasema kwa sauti ndogo.

Binti ana miaka sita. Nikampiga akiwa amesimama katikati ya miguu ya baba yake. Mekundu yote mawili. Hapo Jilala akakaa chini kwenye udongo.

Mzee Ngassa akavua kofia akasema na yeye. Mekundu. Katekista akapata moja jekundu na moja jeusi. Mariana, mekundu. Kijana wa sungusungu, mwenye panga kabisa mkononi, mekundu. Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, na punde walikuwa wamepanga foleni wakisukumana wajione, kila mmoja akitaka kujua yake yana moto kiasi gani. Mkutano ukageuka studio. Mzee Ngassa akatangaza kwamba habari ya macho imekwisha katika kijiji chake, na atakayeileta tena ataanza kuleta ya kwake.

Betri zikaisha. Watu wakatoka wakizungumza habari za picha. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mama pole. Nilingoja, nilitazama nyuso zao zikipita mlangoni, na hakuna. Mama akaniambia nimsaidie kuinuka, miguu imekufa ganzi.

Jumanne, 14 Desemba

Mvua. Usiku kucha, mpaka paa la studio limevuja juu ya kompyuta. Hemal ameifunika kwa mwili wake.

Jumatano, 15 Desemba

Mvua.

Jumamosi, 18 Desemba

Mariana anasema upande wa Buseresere kuna bibi aliyehama usiku na mkeka wake tu, hajulikani alikokwenda. Macho. Huko hawakuwa na picha yoyote, hawakuihitaji. Nimekaa na kamera mapajani jioni yote nikiwa na hasira, maana hapa tulipona kwa sababu ya bahati na betri.

Maganga amerudi machimboni. Kabla hajaondoka alimtengenezea mama mlango mpya. Jilala alikuja akashika mbao upande wa pili. Hawakuongea, ila mlango umekaa sawa.

Jumanne, 21 Desemba

Hemal anasema mwaka mpya kompyuta zote duniani zinaweza kuchanganyikiwa. Nikamwambia ya kwetu haitaona tofauti.

Ijumaa, 24 Desemba

Mama mkwe amekuja Katoro. Hakutuma salamu, nilimwona tu mlangoni mwa studio, kanga imelowa, tope mpaka magotini, ameshika kuku wa Krismasi. Akamwamuru Hemal amchapie picha za ghalani, zote, kila mtu. Hemal alichapa mpaka wino mwekundu ukapungua. Mzee Ramesh akafungua mdomo kuhusu gharama, akamtazama bibi, akaufunga.

Nikamwambia sasa akae nimpige vizuri, kwa ajili ya Maganga. Nikabandika kipande cheusi, nikasimamisha flashi kubwa pembeni. Alikaa wima. Mwanga ulipowaka hakupepesa. Nikamwonyesha kioo, akautazama uso wake huo safi, akasema nimempiga vizuri. Nikageuka kujifanya natafuta betri.

Kisha akaanza kuzifunga zile za ghalani ndani ya kanga yake, Jilala juu, mzee Ngassa, katekista, kijana wa panga, na yake mwenyewe katikati. Nikamuuliza anazipeleka wapi.

"Nitazibandika ukutani, usawa wa mlango," akasema. "Wakija tena kutafuta macho mekundu, wachague."